Mali Iliyotupwa na Haki ya Kucheka: Uhakiki wa Filamu ya Whisky Galore! (1949) kwa Jicho la Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Filamu ya Whisky Galore!, iliyotolewa mwaka 1949 na studio za Ealing chini ya uongozaji wa Alexander Mackendrick, huhesabiwa miongoni mwa vichekesho vikuu vya sinema ya Uingereza. Chanzo chake ni riwaya ya kuchekesha ya Compton Mackenzie yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1947. Imezoeleka kusomwa kama hadithi ya Waskoti dhidi ya Waingereza, au ya raia waliochoshwa na mgawo wa bidhaa wakati wa vita. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaacha kando swali ambalo msomaji wa Kahama, Nyarugusu au Katoro hulikuta mlangoni kabla hajaingia ndani: mali ambayo mwenyewe ameiacha au ameitupa ni ya nani? Uhakiki huu unaishika filamu kwa swali hilo. Hoja yake ni kwamba kicheko cha filamu kinawezekana kwa sababu mali inayogombewa ni ya kunywewa. Mali hiyo ikigeuzwa ikawa ya kuuzwa, kijiji chenye umoja ambacho filamu inakisifu hakiwezi kusimama, na yeyote anayekusudia kuitohoa hadithi hii kwa jukwaa au filamu ya Kiswahili atalazimika kuanzia hapo.

Tukio na riwaya

Riwaya ya Mackenzie haikuzuliwa kutoka hewani. Tarehe 5 Februari 1941 meli ya mizigo SS Politician ilikwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Eriskay, magharibi mwa Uskoti, ikiwa imebeba zaidi ya chupa 200,000 za wiski zilizokuwa zikipelekwa ng'ambo. Mabaharia waliokolewa. Wenyeji walipanda melini usiku kwa mashua zao na kujichukulia walichoweza. Kwa kuwa shehena ilikuwa ya kuuzwa nje, ushuru wake haukuwa umelipwa, na afisa wa forodha Charles McColl aliliona jambo hilo kuwa wizi wa mapato ya serikali. Baadhi ya wanaume walishtakiwa, na wapo waliofungwa Inverness. Hatimaye mabaki ya meli yalilipuliwa kwa baruti ili kisibaki kitu cha kufuata.

Jambo la kuzingatia hapa ni kile ambacho riwaya ilikiacha nje. Wafungwa wa Inverness hawamo. Mackenzie, aliyewahi kuishi katika kisiwa jirani cha Barra, alichagua kuandika tukio hilo kama ngano ya furaha, na filamu ikauendeleza uchaguzi huo. Katika filamu meli inaitwa SS Cabinet Minister, kisiwa kinaitwa Todday, na hakuna mtu anayelala gerezani kwa ajili ya chupa. Ucheshi huzaliwa kwa kuondoa. Kabla ya kuuliza filamu inasema nini, mhakiki hana budi kuuliza imenyamaza kuhusu nini.

Kutoka kurasani hadi kwenye kiwambo

Mackenzie mwenyewe alishirikiana na Angus MacPhail kuandika mswada wa filamu, na hata akaigiza sehemu ndogo ya nahodha wa meli inayozama. Hivyo mabadiliko yaliyofanywa hayawezi kutupwa mabegani mwa watu wa sinema peke yao. Badiliko kubwa ni la mandhari. Riwaya ina visiwa viwili, kimoja cha Waprotestanti na kingine cha Wakatoliki, na sehemu kubwa ya ucheshi wake hutokana na wivu na dhihaka za majirani hao. Filamu imevifanya visiwa viwili kuwa kimoja. Kwa uamuzi huo imepata mwendo wa kasi na upinzani ulio wazi, kijiji upande mmoja na mamlaka upande wa pili, ila imepoteza kitu ambacho msomaji wa Usukumani angekithamini kuliko mwingine yeyote, nacho ni utani wa ndani.

Utani ni taasisi katika jamii za Tanzania. Huwapa watu ruhusa ya kutoleana maneno makali pasipo kuvunja udugu, na huwawekea mipaka pia. Katika ngoma za Wasukuma, mashindano ya Bagika na Bagalu yamejengwa juu ya ushindani wa makundi mawili yaliyo ndani ya jamii ileile, ambapo nyimbo za kukejeli upande wa pili ni silaha kama zilivyo dawa na mitindo ya kucheza. Riwaya ya Mackenzie iko karibu na uwanja wa ngoma hiyo kuliko filamu ilivyo. Visiwa viwili vinataniana, na katika kutaniana vinajichunguza. Todday ya filamu haina mtani wa ndani, hivyo haina kioo. Kejeli yote inatoka nje kwenda kwa mgeni mmoja, Kapteni Waggett.

Kuna jambo moja ambalo filamu imelihifadhi vizuri sana. Pasipo wiski hakuna harusi. George Campbell na Sajini Odd wanataka kuoa mabinti wawili wa Macroon, mwenye duka na posta, lakini mila inadai karamu ya uchumba, na karamu haiwezi kufanyika mitungi ikiwa mikavu. Mtazamaji wa London huenda akaiona sharti hiyo kuwa kichekesho cha pembeni. Mtazamaji aliyekulia Shinyanga, ambako kijana bado hujua maana ya kuhesabiwa ng'ombe wa mahari, ataielewa mara moja kuwa ndiyo moyo wa hadithi. Wiski katika Todday ni kinywaji na ni zaidi ya kinywaji: ni kitu kinachoruhusu ukoo kupokea ukoo mwingine. Kukosekana kwake kumesimamisha maisha. Ndiyo maana onyesho la usiku wa Jumamosi lina uzito wake. Wanaume wamekwisha shika njia ya baharini, saa inagonga usiku wa manane, Sabato inaingia, na kila mtu anarudi nyumbani kungoja saa 24 huku meli ikizidi kuzama. Hawa si wezi wa kawaida. Ni watu wanaoitii sheria moja kwa gharama kubwa siku moja kabla ya kuivunja nyingine, na Mackendrick anayaonyesha hayo pasipo kumdhihaki hata mzee mmoja.

Inafaa kukumbuka filamu hii ilitengenezwa katika kipindi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilitengeneza filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika lilikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Sinema hizo za mafunzo zilitawaliwa na mkondo mmoja: mjuzi anafundisha, mjinga anajifunza, na anayechekwa ni yule asiyesikia la mkuu. Whisky Galore! inaugeuza mkondo huo juu chini. Anayechekwa ni mjuzi. Dola ileile, katika miongo iyo hiyo, iliwapa wanakijiji wa Uskoti haki ya kumcheka bwana mkubwa, wakati mwanakijiji wa Tanganyika alionyeshwa namna ya kumtii. Na mwaka 1947, riwaya ilipotoka, ndio mwaka ambao almasi ya waridi ya karati 54.5 ilipatikana katika mgodi wa Williamson huko Mwadui, Shinyanga, ikatolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth alipokuwa akiolewa. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa Mwadui iwapo na wao walikuwa na harusi.

Magwangala

Katika ukanda wa dhahabu neno magwangala hutaja mawe ya mabaki ambayo mgodi mkubwa huyaondoa ili kuufikia mwamba wenye dhahabu ya kutosha. Kwa hesabu za kampuni ni taka. Kwa hesabu za wakazi wanaoyazunguka malundo hayo, bado yana dhahabu, kwa sababu kiwango kisichomlipa mwenye mitambo ya mamilioni ya dola humlipa mwanamke mwenye nyundo na karai. Tangu mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, magwangala yamekuwa dai la kisiasa lisilopoa, na katika utawala wa Rais John Magufuli lilifika hadi kwenye agizo la mkuu wa nchi kwamba wananchi wapewe.

Ulinganifu na Todday ni dhahiri. Pande zote mbili mali imo machoni pa watu, mwenyewe hana mpango wa kuitumia, na sheria inasema isiguswe. Katika filamu shehena itazama baharini ikiachwa. Katika Geita mawe yatafukiwa au kuachwa milele. Hoja ya kimaadili ya wenyeji ni ileile: kukitupa kitu ni kuukana umiliki wake. Filamu inaipa hoja hiyo ushindi kwa njia ya fani tu. Haimruhusu mhusika yeyote kuitetea kwa hotuba. Badala yake inakuja mfululizo maarufu wa kuficha, ambamo chupa zinaingia katika utoto wa mtoto mchanga, ndani ya mashine ya kuhesabia fedha, chini ya unga wa mkate, ndani ya mifereji ya maji ya mvua. Nyumba nzima, pamoja na bibi kitandani na mtoto, inakuwa ghala. Mtazamaji anacheka, na kwa kucheka amekwisha kuamua kesi.

Hapa ndipo ulinganifu unapoanza kupasuka, na mpasuko huo una faida zaidi kwa uhakiki kuliko kufanana. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaweka madini yote chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anayeondoka na gunia la mawe usiku hamwibii mgeni tu. Kwa maandishi ya sheria anajiibia yeye mwenyewe na jirani zake. McColl wa forodha angeuelewa msimamo huo vizuri. Filamu haikuwahi kulazimika kuujibu, kwa kuwa imeondoa ushuru, hazina ya taifa na gereza, ikabakiza tabia ya mtu mmoja mwenye majivuno.

Mpasuko wa pili ni mkubwa zaidi. Wiski ya Todday inanyweka. Ikishanyweka imekwisha, na kila mmoja amepata kiasi cha tumbo lake. Hakuna katika filamu mtu anayenunua chupa mia kwa bei ya kutupa akazipeleka bara. Dhahabu haina tabia hiyo. Gramu moja haina kazi mkononi mwa aliyeipata hadi atokee mnunuzi, na kati ya jiwe na mnunuzi pana msururu wa watu: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji wa zamu, mwenye karasha anayesaga mawe, anayeuza zebaki, anayebaki na marudio ili ayachenjue tena kwa sayanaidi. Kila mmoja ana fungu lake, na mafungu hayalingani. Mara nyingi mwenye karasha hufaidika zaidi na marudio kuliko mwenye mawe alivyofaidika na mawe yake. Todday ikihamishiwa Rwamgasa au Nyarugusu kama ilivyo, pamoja na umoja wake wa wazee, vijana na daktari wa kijiji, itakuwa uongo. Chupa huunganisha kijiji kwa usiku mmoja. Karasha hukigawa kila siku.

Serikali yenyewe imeonekana kuitambua tabia hiyo ya dhahabu. Mapema mwaka 2019 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo, na Machi mwaka huo soko la madini likafunguliwa Geita, ili utoroshaji upoteze faida yake. Ni jibu la kiuchumi kwa tatizo ambalo filamu ililimaliza kwa kukimbizana na magari. Waggett, kama angekuwapo, angeagiza vizuizi zaidi vya barabarani.

Waggett na aibu ya kuwa mwadilifu

Basil Radford anamwigiza Waggett kwa uangalifu ambao wakati mwingine haupewi haki yake. Ni Mwingereza mstahiki, kiongozi wa jeshi la mgambo la kisiwani, anayeamini kwamba mtu akiachwa achukue chupa moja leo, kesho nchi haitakuwapo. Hali rushwa. Hatamani kuipata wiski hiyo. Hamwonei mtu kwa chuki. Hapa mtazamaji wa Afrika Mashariki anakutana na ugumu halisi, kwa sababu mapokeo ya ucheshi wa kisiasa aliyoyazoea humcheka mkubwa kwa ulafi wake. Tamthilia ya Gogol iliyoingia katika Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilipata makao kwa urahisi kwa kuwa maafisa wake wote wana mikono michafu. Waggett ana mikono safi. Kosa lake ni kwamba hajawahi kuuliza sheria anayoilinda inamlinda nani.

Mackendrick mwenyewe, katika kuitazama kazi yake baadaye, alimwona Waggett kuwa ndiye Mskoti wa kweli katika filamu, mtu wa wajibu na maadili makali, aliyezungukwa na watu wasiojali. Kauli hiyo inaifumbua filamu. Chini ya kicheko pana wasiwasi wa mwongozaji ambaye hakuwa na hakika kuwa kijiji kilikuwa na haki. Wasiwasi huo unaonekana hasa mwishoni, Waggett anaponaswa na kosa lisilo lake baada ya chupa kukutwa katika masanduku ya risasi aliyoyarudisha bara, na mkewe badala ya kumliwaza anacheka hadi anashindwa kujizuia. Ni kicheko kirefu kupita kiasi kwa kusudi. Mtazamaji aliyekuwa akicheka tangu mwanzo anajikuta amenyamaza kidogo.

Mgambo wa Waggett unastahili kuwekwa kando ya sungusungu, walioibuka katika maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukabiliana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Waggett ameletewa mfumo kutoka juu na anawapanga wanakijiji katika mistari ambayo hakuna aliyeiomba. Sungusungu walijipanga wenyewe, kwa viongozi wao, siri zao na adhabu ya kumtenga mkosaji, na serikali ilikuja kuwatambua baadaye. Todday nayo ina sungusungu wake, ingawa filamu haiwaiti hivyo: ni ule mtandao wa simu ya posta, mashua na wachungaji wanaojua nani yuko wapi saa ngapi. Vyombo viwili vya ulinzi vinakaa kisiwa kimoja, na kile chenye magwanda ndicho kisichojua kitu. Ila historia ya sungusungu inaonya kwamba umoja wa namna hiyo una uso wa pili, kwa kuwa kijiji kinachoweza kuficha kinaweza pia kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza. Mackendrick anaugusa uso huo pale mtoa habari kwa forodha anapobaki peke yake katika kisiwa kizima, kisha anaondoka haraka, kana kwamba ameuona moto.

Kuhusu mpaka wa kicheko, ukanda huu una kumbukumbu ambayo hakuna utohozi unaoweza kuikwepa. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha kampuni ya kigeni, na madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na mamlaka na kubishaniwa kwa miaka mingi. Vyovyote ubishi huo unavyohukumiwa, onyesho la maafisa wanaokimbizana na wanakijiji haliwezi kupigwa picha Kakola kama lilivyopigwa Barra majira ya joto ya mwaka 1948. Barra ilikuwa na wafungwa wa kusahauliwa. Kakola ina watu wanaodai kuwa na makaburi.

Hilo halina maana kwamba ucheshi haufai huko. Wachimbaji wa maduara wana lugha ya mzaha isiyokauka, na anayeshuka mita nyingi chini ya ardhi kwa kamba hujifunza kucheka mapema. Kinachotakiwa ni kuyahamisha makao ya kejeli. Utohozi wenye akili ungeurudisha ule uwili wa riwaya ambao filamu iliufuta, na badala ya visiwa vya madhehebu ungeweka pande mbili za kijiji kimoja, wenye mawe na wenye makarasha, kila upande ukiwa mtani wa mwingine. Afisa angebaki, pengine mwadilifu kama Waggett, lakini asingekuwa shabaha pekee.

Filamu inafungwa kwa sauti ya msimulizi inayosema kwamba wiski ilikwisha, bei ikapanda, na watu wa Todday wakaishi kwa huzuni, isipokuwa Sajini Odd na Peggy ambao hawakuwa wanywaji. Kama funzo la maadili halimshawishi mtu, na huenda halikukusudiwa kushawishi. Kama tanzu, hata hivyo, lina maana: linathibitisha kwamba mali ya ngano lazima iishe ili ngano iishe. Malundo ya Geita hayaishi kwa namna hiyo. Hata baada ya jiwe kusagwa na dhahabu kuchukuliwa, marudio yake yana bei, na yupo anayesubiri kuyanunua.